Rangi ya Mafuta Chumbani kwa Bibi

Eufrasia, hivi mtu anawezaje kupaka rangi juu ya ukungu huku mama yake mzazi anakohoa ndani ya chumba hichohicho? Nimetoka kuliona sasa hivi na bado siamini.

Nyumba yetu ya Somanda unaijua: tofali za udongo, kisha ikapigwa lipu ya saruji ili ionekane ya kisasa. Maji ya mvua yanaingia kwenye nyufa, lipu inayazuia yasitoke, na ukuta wa bibi umekuwa mweusi kutoka sakafuni hadi dirishani.

Nilimwomba baba tuibandue lipu ile, ukuta ukauke kwanza. Yeye amepaka rangi ya mafuta. Ya mafuta, Eufrasia, inayozidi kuufungia unyevu ukutani. Eti Jumamosi wanakuja wakwe kupatana ng'ombe wa mahari ya dada Milembe.

"Wakwe hawalali kwa bibi," nikamwambia.

"Wataingia kumsalimia. Unataka waseme tunaoza?"

Baba mdogo Masalu akacheka. "Msomi wetu amerudi kutufundisha kuta."

Bibi akakohoa mpaka akaegemea ukuta, kiganja chake kikatoka na rangi mbichi. Wakamgombeza kwa kuharibu rangi. Wanawe wenyewe, wakamgombeza.

Nimewaambia wote, kwa heshima kabisa: kitanda cha bibi nakihamishia sebuleni sasa, wakwe watamkuta hapohapo, na hatarudi chumbani mle mpaka lipu ibanduliwe.