Pikipiki Ambayo Yusuf Hakuishika

Sharjah,
Ijumaa, baada ya swala

Kwa dada yangu, Abaayo Fardowsa,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani, na kwamba Hooyo, mama yetu, ameanza kula. Uliniambia anakunywa chai na kuacha anjera ipoe. Mwambie mimi nakula. Akiuliza nakula nini, mwambie wali.

Anayeileta barua ni mwenzetu wa chumbani, anarudi Garissa kuoa. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali tunakiongea tu, kukiandika hatukufundishwa. Tena ninayotaka kusema leo yanahitaji kukaa kwenye karatasi ili watu wengine wayasome.

Ujumbe wako kuhusu pikipiki niliyomtumia Yusuf niliusikiliza mara nyingi. Nilivyoelewa ni hivi. Imefika na lori la mizigo, na sasa iko katika ghala la ami yetu, Adeer Salah. Sheikh aliulizwa, akasema zawadi haiwi ya mtu mpaka aipokee. Ndugu yetu Yusuf alifariki kabla haijafika, kwa hiyo haimo katika urithi wake, bado ni yangu. Mkewe Hodan hana haki nayo, wala mtoto, mpaka mimi niseme. Na Adeer anangoja niseme ni yake.

Nilichelewa kukujibu. Si kwamba nilikuwa nafikiri sana. Naenda kazini, narudi, nalala. Siku ile uliyonipigia kuniambia kwamba ile homa ya siku nne imemmaliza Yusuf, nilikuwa nafunga vioo vya kando vya pikipiki. Nikakusikiliza, nikasema innaa lillaahi, kisha nikafunga kioo cha pili. Mpaka leo sijui kwa nini nilimaliza kile kioo.

Kazi yetu unaijua. Tajiri wa duka anaagiza pikipiki ndogo za mbio kutoka nchi mbalimbali, zile ambazo kwa sura ni kubwa na kwa injini ni ndogo. Mimi nazitoa kwenye makasha na kuziunganisha. Yusuf alikuwa ananiuliza kila moja kama mtu anayeuliza habari za jamaa. Nikamwambia Wajapani wanapenda injini ya cc mia mbili hamsini, maana kwao ikizidi hapo lazima ipelekwe kukaguliwa na serikali kila baada ya muda. Ulaya wanampa kijana anayeanza kuendesha ya mia moja ishirini na tano, na sheria imeifunga nguvu isizidi kiasi. Ni nzuri sana kuitazama, lakini kwa bei yake unanunua ngamia ukabaki na chenji. Za Indonesia na za India nyingi ni mia moja hamsini, na zipo mbili kama dada wa mama mmoja, injini ile ile. Ya Indonesia ina shokapu nene za mbele, ya India ina nyembamba, lakini breki yake haikwami ukiibana ghafla.

Mimi nilitaka ya Indonesia. Kwenye kona inatulia.

"Kona gani, walaal?" Yusuf akasema. "Lami ya Garissa mpaka Mwingi imenyooka kama kamba. Unanichagulia pikipiki ya kona, mimi nitazitoa wapi?"

"Iko siku utafika Mwingi."

"Nifike nikitafuta kona! Leta yoyote. Leta hata iliyovunjika kioo."

Sikuleta. Nilimwambia tungoje toleo jipya. Lilipokuja jipya, nikamwambia tuone na ya India ya mwaka ule. Tulilinganisha hivyo miaka miwili, Abaayo. Nilijiona namtendea wema. Sasa naona angeweza kuipanda miaka miwili.

Unakumbuka utotoni pale Balambala Yusuf alivyokuwa akilaza mtungi wa maji, anaupanda na kuinama, anapiga kelele ya injini mpaka mate yanaruka? Hooyo anamuuliza, "Warya, umefika wapi?" Anasema, "Modogashe!" Hooyo anamwambia, "Vizuri, ukipita mtoni rudi na maji." Alikuwa anashuka na kwenda kweli, mtungi mkononi, bado anabadilisha gia kwa mdomo.

Siku moja nilimtumia picha za ile ya India. Akauliza, "Hiyo chuma ya pembeni ya gurudumu la nyuma ni ya nini?" Nikamwambia ni sheria ya kwao. Wanawake wao wanakaa nyuma na nguo ndefu, na hiyo chuma inazuia nguo isiingie kwenye gurudumu. Za Indonesia hazina. Akasema, "Basi ni hiyo. Hodan na dirac zake ndefu, unazijua. Nikisikia tena habari ya shokapu nazima simu."

Nikainunua ya India. Wiki iliyofuata iliingia kwenye kontena.

Adeer alinipigia Jumanne. Nakuandikia alivyosema ili usidhani namsema vibaya.

"Nimeiona pikipiki yako," akasema. "Imeinama mbele kama mtu aliyeangusha sindano. Nani atakaa hapo?"

"Wewe unaitakia nini, Adeer?"

"Mimi nikae hapo na mgongo huu? Nitaiuza Nairobi, ninunue moja ya kubebea maziwa kutoka Balambala. Maziwa yanalisha watu wote, na Hodan pia. Hiyo kitu inalisha nani?"

Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyeingia kaburini nikampokea. Wewe hukuwepo." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli sikuwepo. Nilimwambia Mungu amlipe, na tukaagana.

Kwa hiyo nimefikiri kidogo niwezavyo. Mimi nilikuwa namchagulia mtu mmoja. Yusuf alikuwa anachagua kwa ajili ya wawili. Sheikh amesema sawa, Yusuf hakuipokea. Basi aipokee Hodan.

Tafadhali ifanyike hivi. Hodan bado yuko edani na hatoki, kwa hiyo msimwite ghalani. Iletwe ndani ya ua wake. Naomba Adeer mwenyewe aisukume, na awe shahidi wa kwanza, maana ndiye mkubwa wetu. Mume wako awe wa pili. Mbele yao wewe usome maneno haya:

Mimi Abdullahi nimempa Hodan, mke wa marehemu ndugu yangu Yusuf, pikipiki hii iwe mali yake. Sina haki nayo tena, na sitaidai irudi kwangu.

Na jambo lingine, ulisome kwa sauti pia. Watu watasema natengeneza njia, kwamba eda ikiisha nitakuja kumwoa, kama ilivyo desturi kwetu ndugu kumchukua mke wa ndugu. Sivyo. Sitaki jibu lolote kwake, na asimwogope mtu yeyote kwa sababu ya zawadi hii. Akitaka kuiuza, aiuze. Akimuuzia Adeer, naye akaiuza Nairobi anunue ya maziwa, vizuri vilevile. Mimi msiniulize.

Ndani ya bahasha utakuta ufunguo. Niliutoa hapa tulipokuwa tunafunga kasha, nikaogopa kuutuma na mizigo. Hakuna mwingine. Mpe Hodan mkononi, usiuweke mezani.

Juzi tulifungua kasha la Thailand. Nilimrekodia Yusuf ujumbe mzima wa rangi yake na tairi zake, nikafika mpaka mahali pa kusema "umeionaje?" ndipo nikakumbuka. Nikaufuta, nikarudi kwenye boliti. Silali vibaya. Usimwambie Hooyo habari hii.

Msalimie Hooyo, umshike mkono kwa niaba yangu. Msalimie Adeer Salah kwa heshima yote, na umwambie maneno yake ya kaburi nimeyapokea. Msalimie Habaryar Kinsi, dada mdogo wa Hooyo, anayelala naye siku hizi, Mungu amlipe kwa kukesha kwake. Msalimie mwalimu mume wako. Mbusu Ikram, binti wa Yusuf, usimweleze chochote kuhusu mimi isipokuwa kwamba nipo. Hodan mpe salamu za dua tu.

Ilaahay ha u naxariisto Yusuf, Mungu amrehemu, na atupe sisi subira.

Hodan akishaupokea ufunguo, nipigie uniambie tu kwamba imekuwa yake. Nitakuwa kazini, lakini nitashika simu. Usiseme zaidi ya hapo, Abaayo, nami sitauliza.

Ndugu yako,
Abdullahi