Fundi Twaha na Gurudumu la Kushoto

Jumamosi, Julai 2013. Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, ni vumbi tupu, nami nimeamka na kinyongo.

Jana nilipeleka gari Mbarara, kwa fundi Twaha pale Kakoba, anibadilishie pedi za breki za mbele. Kila dereva Mkongomani hapa kambini anajua kanuni: gari likiwa gereji, unakaa kando yake, huendi hata chooni. Ukigeuka tu, kipya kinatoka na kikuukuu kinaingia. Ndiyo maana pedi zangu, nilizonunua mwenyewe, nilizitia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Nyekundu.

Kisha njaa ikanishinda. Nikaenda kula chapati.

Wakati wa kurudi, nilipoacha lami tu, gurudumu la kushoto likaanza: krrr, krrr. Nikampigia Twaha. Hakushtuka hata kidogo.

"Iyo ni jiwe tu. Simama, rudisha gari nyuma kidogo, itatoka."

Mtu yuko Mbarara, jiwe ameliona wapi? Mwenye jibu tayari ndiye mwizi, nikajisemea. Nikaendesha na kelele yangu hadi kituoni. Madereva wenzangu wakainama kusikiliza, nami nikawaambia Twaha ameniibia pedi. Sikusema "nadhani". Na nilifurahi walivyonisikiliza.

Leo asubuhi nikapiga jeki, nikafungua gurudumu. Matusi nilikuwa nimeshayaandaa.

Alama ilikuwepo. Kwenye pedi zote mbili.

Nikaikwaruza kwa ukucha. Labda amenunua rangi yake akapaka, mafundi hawa wana akili! Nikamwita mke wangu aje athibitishe.

"Ni yangu hii, baba Neema. Unatafuta nini tena?"

Nikachungulia vizuri. Kati ya sahani ya breki na bati linalokinga vumbi kulikuwa na kajiwe, kadogo kama punje ya mahindi. Nikakachokoa kwa bisibisi, nikazungusha gurudumu kwa mkono. Kimya kabisa. Nilipaswa kushukuru, lakini nilikasirika, kana kwamba Twaha amenidhulumu kwa kutoniibia.

Ndipo simu ikaita. Alikuwa Bahati, dereva mwenzangu, ambaye leo alikuwa apeleke gari lake kwa Twaha.

"Aksanti mingi, ndugu. Umetuokoa. Batu bote tunahamia kwa fundi wa Nyamitanga."

Kajiwe kalikuwa bado mkononi mwangu.

Nikamjibu, "Si kitu."

Sasa ni jioni na jibu hilo linanikera kuliko ile krrr. Wateja wengi wa Twaha ni sisi, madereva wa Nakivale. Nimemfungia gereji kwa mdomo tu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kesho wote watakuwa kanisani. Nitasimama wakati wa matangazo nikiwa na kajiwe mfukoni, niseme nilichokiona. Tayari naona haya.

Jana, kumwita mtu mwizi, mbona sikuona?