Migomba Uliyoikata Pichani

Winnipeg, Jumapili

Mdogo wangu Audax,

"Programu hii ni ya bure. Asiyeridhika achukue nakala, atengeneze yake." Aliyeandika hayo anajiita Mlinzi, nami nimemjibu kwa ukali nikidhani ni Mzungu fulani asiyewahi kuuona mgomba. Kumbe ni wewe! Wewe, hapo Bugene! Hujambo lakini? Shemeji na watoto wazima? Shikamoo hukunipa, ila marahaba. Mimi nabeba matairi ghalani kama kawaida, theluji inafika magotini.

Mama alinipigia kutoka Kimuli. Chama chao cha wakulima kimegawa miche ya migomba isiyo na ugonjwa wa mnyauko, yeye akarukwa. Karani akamwonyesha simu: "Mama, humu wewe ni mkulima wa kahawa tu." Programu ambamo chama huandikisha wakulima inakubali zao moja kwa kila shamba! Nikamwambia akuone wewe, mtu wa kompyuta. Akacheka. "Mwache, ana kazi nyingi. Wewe ndiye unayejua kugombana."

Basi nikaingia pale watumiaji wanapoandika maombi, kwa jina la kubuni kama wafanyavyo wengi, nikaeleza kwamba kwetu kibanja kimoja kina migomba, mikahawa katikati yake, na maharage chini. Ukalifunga ombi chai yangu haijapoa. Nikaandika jingine. Ukaniita mkorofi. Nikakuita kichwa boga, na hilo silifuti. Mwisho ukaweka picha: "Shamba sahihi huwa hivi." Mikahawa mitupu. Nikaikuza. Nyuma kulikuwa na mlango wa bluu, na turubai lenye kiraka chekundu ambalo mama huanikia kahawa.

Kibanja chetu, Audax! Mtu wa kompyuta aliyewahi kupiga picha pale ni wewe peke yako. Migomba iliyokulea umeikata pembeni ili picha ikubaliane na programu!

Sasa hoja yako. Ni kweli hulipwi, na wako watu huomba kama wanaotoa amri. Ni kweli pia, ukikubali kila ombi programu itageuka jalala. Lakini kukataa kuna adabu yake. Kwa mama, hata anayekuja kuomba kisichokuwapo hukalishwa, hupewa kahawa ya kutafuna, husikilizwa, ndipo huambiwa hapana. Wewe hukusoma hata mstari wa pili. Na hiyo nakala achukue nani? Mama aweke jembe chini akaandike programu? Kwake uhuru huo ni mlango uliochorwa ukutani.

Mnyauko umeshaingia kwa jirani yake wa chini. Miche iliyobaki chamani itagawiwa kwa kufuata programu yako.

Nisalimie shemeji yangu, na shangazi aliyekufundisha kusoma. Karani wa chama mwambie sina ugomvi naye, alisoma alichowekewa.

Nanyi wawili mnaoitunza programu hiyo pamoja na Audax, najua atawasomea: lifungueni ombi leo, hadharani, pale pale mlipolifungia. Shamba moja liruhusiwe mazao yote yaliyomo. Nawe Audax, ikishakubali, nenda Kimuli, keti, tafuna kahawa utakayopewa, kisha mwambie mama kwa kinywa chako ni nani aliyemfanya arukwe. Halafu piga picha upya, bila kukata kitu.

Kaka yako, mkorofi yule yule,
Projestus