Vigelegele Vilikuwa Vitatu, Baba Wamucii

Mwaka umezunguka, Ngatia wetu, tangu tukulaze Kiganjo penye shamba la mama yako. Mimi mkeo Wacera ndiye ninayeandika haya kwa niaba ya nyumba nzima. Nia yetu ilikuwa tukukumbuke kwa upole kama wengine wanavyowakumbuka wapendwa wao, kwa picha na mistari michache ya machozi. Lakini umesingiziwa hadharani, na aliyelala hawezi kujitetea. Kwa hiyo leo tunakulilia huku tumejifunga kibwebwe.

Kwanza tuseme ulivyokuwa, maana hilo halina ugomvi. Ulikuwa mtu wa kusikiliza. Kazi yako ilikuwa kunasa sauti za filamu, na hata ukirudi nyumbani hukuiacha nje. Ulijua ni nani anayeingia kwa namna lango lilivyolia. Ulikula umefumba macho, mama yako akadhani bado unaombea chakula. Soksi zangu za sufi ulizimaliza zote kwa kuivisha maikrofoni isipigwe na upepo, na nilipogomba ukasema maikrofoni ndiyo inayotulisha, basi na yenyewe ivae.

Kule Kangari ulisimama kwenye majani chai mvua ikikupiga, ili uwapate wachumaji wakitaniana, ukarudi na homa na kicheko. Hukumkatiza mtu akizungumza. Hata mlevi wa sokoni ulimwacha amalize hotuba yake.

Mlikuwa watatu katika kazi ile. Moffat Kihara alikuwa mwelekezi, na ndiye aliyekata na kuunganisha vipande. Murithi wa Meru alishika kamera. Wewe ulishika sauti. Kwetu walikula na kulala kama ndugu, na Moffat hakuwahi kukataa mukimo wangu wa viazi na mahindi hata siku moja. Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, mkitengeneza filamu ya miaka kumi ya Uhuru, juu ya maisha ya watu wa chini ya mlima.

Moffat akataka filamu iwe na mtoto anayezaliwa, na mimi nilikuwa nimekaribia kujifungua. Mama yako akakubali kwa sharti moja. "Hiyo kamera ikae huko nje na wanaume yake," alisema, akafunga mlango. Basi Murithi akapiga picha za moshi ukitoka paani na nyuso za akina mama uani, nawe ukasimama kando ya ghala na mashine yako begani.

Kwetu kila mtu anajua: mtoto wa kiume hupokewa kwa vigelegele vitano, wa kike kwa vitatu. Jirani aliye shambani huinua kichwa, akahesabu, akajua bila kuuliza. Mama yako alipiga vitatu. Alivipiga kwa furaha ya pekee, kwa maana binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Wamucii mzee alikuwa anampokea Wamucii mchanga, na wewe uliinasa sauti hiyo kwa mkono wako.

Filamu ilipotoka, vigelegele vilikuwa vitano.

Asiyeamini na asikilize vizuri. Baada ya kigelegele cha kwanza ng'ombe wetu analia. Baada ya cha nne analia tena, vilevile, kwa pumzi ileile. Vile viwili vya mwisho ni vile vya kwanza vilivyorudiwa na kubandikwa. Hata ng'ombe wetu hakuachwa nje ya uongo huo.

Wewe ulirudi kutoka Nairobi bila mashine, ukasema, "Nimeachana na hao." Nilipouliza kwa nini, ukajibu kwamba wameharibu sauti. Nilipouliza tena ukaenda kuchanja kuni. Ukafungua duka la kutengeneza redio mjini Nyeri, ukaagiza jina lako liondolewe kwenye ile filamu, na ukakataza mtu wa nyumba hii kwenda kuitazama. Nilijua umekataa kitu. Mlichosemezana sikukijua, na Ngatia, leo nina hasira na wewe pia kwa ajili ya hilo. Mtu anayesikiliza watu wote namna hiyo angeweza kumwambia mke wake mambo mawili matatu.

Huku nyuma filamu ilizunguka na gari la sinema kutoka soko hadi soko, nami nikabaki kujibu maswali. "Mama, ile kijana yako ya filamu iko wapi siku hizi?" waliniuliza dukani. Nilipokwenda Kangema kumtembelea dada yangu Kagure, mama mmoja aliyeona nimebeba binti akanishika mkono kwa huruma, akaniambia Mungu ndiye hupanga. Nilipewa pole kwa mtoto ambaye sikumzaa, na yule niliyemzaa alikuwa mgongoni mwangu, ananyonya kidole.

Tungeyavumilia hayo, kwani maneno ya sokoni hayana mwenyewe. Kilichotufikisha gazetini ni mambo ya Desemba iliyopita. Filamu ilirudishwa kwa ajili ya miaka ishirini ya Uhuru, ikaonyeshwa alasiri katika ukumbi mmoja pale Nyeri, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Moffat alitualika. Alisema wewe utaheshimiwa. Tukavaa za Jumapili, mimi na mama yako na Wamucii, ambaye sasa ana miaka kumi na alikuwa hajawahi kuiona. Alitaka kusikia kazi ya baba yake.

Akaisikia. Mwishoni jina lako likatokea kwa herufi kubwa, lile lile ulilosema liondolewe. Kisha Moffat akasimama na kufuta macho. "Marehemu Ngatia ndiye alitupatia hizo vigelegele tano," alisema. "Alikuwa mzalendo. Alijua Kenya ilizaliwa kijana."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama yako peke yake hakupiga. "Huyu anasema nini?" aliuliza kwa sauti. "Mimi ndiye nilipiga, na nilipiga tatu!" Watu wakamwambia anyamaze, ati mzee amechanganyikiwa. Mama aliyefungua koo lake kumpokea mjukuu wake akaambiwa hajui alichokipiga!

Wamucii alinivuta mkono. "Mama, huyo kijana alikufa?"

Nikamwambia hakukuwa na kijana yeyote, mtoto aliyezaliwa siku ile ni yeye. Akahesabu kwa vidole. Wakubwa tunaamini watoto hawahesabu, kumbe wanahesabu kutushinda. "Basi baba ndiye aliongeza hizo mbili," alisema. "Alitaka nikuwe kijana."

Nilimfuata Moffat hapo hapo nje. Nilimwambia arudi ndani awaambie watu ukweli. "Mama Wamucii, wachana na hiyo maneno," alinijibu. "Ni film tu. Vigelegele mbili, zinadhuru nani?" Nikamwonyesha kwa kidole: zinamdhuru huyu. Unajua alifanya nini, rafiki yako uliyemtandikia kitanda chako mwenyewe? Alimpapasa mtoto kichwani, akamnunulia soda.

Tangu siku hiyo Wamucii hakutaka kuingia dukani mwako. Nilimwambia ulikataa, ndiyo maana uliacha kazi. Akaniuliza, "Alikuambia hivyo?" Nami sikuweza kusema uongo juu ya uongo mwingine. Hukuniambia. Mtoto akashusha macho na kuendelea kumenya viazi, na mimi nikaona jinsi mtu anavyoweza kumpoteza baba mara mbili, mara ya kwanza kwa ugonjwa na mara ya pili kwa hotuba.

Ni mama yako aliyetuokoa. Alikwenda kwa karani wa kanisa, akaandikiwa kadi ya salamu za redio, na jioni moja nchi nzima ikasikia: Wamucii wa Kiganjo anamsalimu Murithi wa kamera popote alipo, na anamwambia aje upesi, asijifanye hajasikia.

Murithi alifika na gunia la njugu na mvi ambazo hatukuzijua. Alikataa chai mpaka Wamucii aitwe. Mtoto akaja, akasimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Murithi akamweleza. Mlikuwa watatu kwenye meza ya kukatia filamu. Moffat aliicheza sauti ile, akatikisa kichwa, akasema, "Hapa imepungua mbili." Wewe ulidhani utepe umeharibika. Ukavaa vile vya masikioni, ukaisikiliza yote upya mpaka mwisho, umefumba macho. Kisha ukavivua. "Hakuna kitu imepungua," ulimwambia. "Mtoto yangu amefika mzima." Moffat alipochukua mkasi ukaiweka mashine mezani, ukatoka, na hukurudi.

"Alisema hivyo kabisa?" Wamucii aliuliza.

"Kabisa. Mimi nilikuwa hapo."

"Sema tena."

Murithi akasema tena. Mtoto hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na mama yako akanikemea kwa kumwagia mgeni chai.

Sasa tunasema wazi, wasomaji wa Nyeri, Kangema, Meru na kwingineko mtusikie. Ngatia hakuongeza kigelegele hata kimoja. Aliyeongeza yuko hai na anajulikana. Moffat, ibada ya kumkumbuka itafanyika nyumbani Kiganjo Jumamosi ijayo baada ya adhuhuri, na kiti chako kipo. Mukimo pia upo, kwa sababu hatukufundishwa kumnyima mtu chakula. Lakini kabla ya kula utasimama mbele ya mtoto na kusema ulichofanya. Kisha urudi Nairobi ukavitoe vile viwili, na jina la mume wangu ulitoe pia kama alivyotaka. Kama Kenya ilihitaji vitano, ungezaa mwanao umpigie.

Unakumbukwa na mama yako Wamucii, mkeo Wacera, kaka yako Mutahi, shemeji yako Kagure wa Kangema, rafiki yako wa kweli Murithi, na binti yako Wamucii. Hutasahaulika katika nyumba hii, Baba Wamucii, na maadamu tuna midomo hutakumbukwa kwa uongo.

Binti yako ameomba neno la mwisho liwe lake, na tumeliacha kama alivyolisema:

Baba, nimesikia.