Nimeshinda Mjadala, Mbuzi Bado Yu Hai

Shangazi Lidwina mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie upesi, kabla mbuzi hajamaliza mchicha wa mke wangu. Mimi ni seremala hapa Mfaranyaki, Mkatoliki wa kuzaliwa, na jirani yangu ni Swalehe, Mwislamu wa Tunduru anayeuza korosho, mtu mwema kabisa, ndiye anayetuchinjia kila sherehe ili wageni wote wale chungu kimoja bila mtu kuulizauliza. Sasa mwezi uliopita nilihudhuria semina ya kutetea imani, Shangazi, nikatoka nimeiva, kila aliyenisalimia nilimjibu kwa hoja, mpaka bodaboda mmoja akanishusha Lizaboni kabla hatujafika, na mke wangu Violeth akaniambia, "Baba Asumpta, nimekuomba chumvi tu, sijakuomba uthibitisho."

Basi Jumamosi jioni Swalehe akaja, akakaa kwenye benchi letu kama kawaida, akauliza habari za komunyo ya kwanza ya binti yetu itakayokuwa Jumapili hii. "Jirani, huyu mtoto nimemwona akitambaa. Hebu nieleze, siku hiyo anapokea nini hasa? Nataka nimpe zawadi inayofaa." Mimi nikamshukia, hoja juu ya hoja, nikamkatiza hata alipoinua kikombe cha chai, nikamwuliza mambo ya dini yake ambayo hakuyaleta, mwishowe nikapiga meza nikasema, "Umeshindwa!" Akainuka. "Haya, jirani, umeshinda."

Tangu hapo ni salamu tu, na Violeth alipomkumbusha habari ya kutuchinjia mbuzi wa sherehe ya komunyo alijibu, "Mwambie mumeo, kisu changu nacho kimeshindwa hoja." Nusu ya wageni ni Waislamu, nikichinja mwenyewe watakunywa soda na kuaga. Violeth anasema nikaombe radhi, lakini Shangazi, nikiomba radhi si nitakuwa nimemkana Kristo? Na kusema kweli, jioni benchi likiwa tupu naumia.

Mtetezi wa Imani, Mfaranyaki

SHANGAZI LIDWINA ANAJIBU

Marahaba, Mtetezi. Pole sana, na Violeth naye pole ya mchicha.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomjibu Swalehe, sijapaona. Mtu kauliza mtoto anapokea nini, wewe umepiga meza! Hapo hukutetea imani, baba, ulitetea semina. Kuitetea imani ni kumweleza anayekuuliza kwa nini unaamini na unatumaini nini, kwa upole, aondoke ameelewa hata kama hakukubali. Mtume mmoja alichomoa upanga kumtetea Bwana wake, akamkata mtu sikio, na Bwana mwenyewe ndiye aliyelirudisha. Wewe umemkata Swalehe yote mawili, halafu unashangaa hakusikii.

Eti kuomba radhi ni kumkana Kristo! Kila Misa unajipiga kifua ukisema umekosa. Leo kosa lenyewe linakaa nyumba ya pili, unaona taabu kubisha hodi? Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ya kwako yamemrudisha jirani mwema ndani kwake, nami nimekasirika kwa niaba yake.

Sasa nisikilize. Nenda leo jioni, wewe mwenyewe, usimtume Violeth. Sema, "Jirani, nisamehe. Uliniuliza, sikukujibu." Kisha mweleze komunyo ni nini kwa maneno aliyokufundisha mama yako, na akiuliza usilolijua, sema hujui, hakuna aliyewahi kufa kwa hilo. Habari ya mbuzi usiiguse mpaka aitaje yeye. Asipoitaja, pikeni wali na maharage, na mwalikeni vilevile. Zawadi atakayomletea Asumpta ipokeeni kwa mikono miwili.

Na siku atakayorudi kwenye benchi lako, mmiminie chai, safari hii umwache ainywe mpaka iishe.