Sweta la Tumpe

Loyce shika simu. Nimejifungia chooni hapa kazini.

Si unajua vile vidudu bandia vya kuvulia samaki tunavyotengeneza. Unapaka uzi nta, unausokotea manyoya ya sungura mpaka yashike, ndio unazungushia ndoana upate mwili wa mdudu. Manyoya yakipungua tunachambua masweta ya mtumba tunachanganya.

Leo nimevuta mkono wa sweta kwenye mfuko. Kijani na kahawia zimesokotwa pamoja. Loyce, kijani na kahawia!! Nilisokota mwenyewe hivyo uzi wa kijani uliponiishia nikilifuma. Ni sweta la Tumpe wa dada. Lile tulilosema azikwe nalo.

Nikamuuliza kaka Asukile anayetuletea mtumba, hili umelitoa wapi? Akacheka. "We dada, unataka na cheti chake cha kuzaliwa? Kaniuzia shangazi yako Debora."

Shangazi Debora, Loyce. Ndiye aliyemwosha mtoto na kumvalisha. Sisi tulimkuta kafunikwa shuka mpaka shingoni, nani angefunua?

Nimerudia kumuuliza. Kasema tena, shangazi yako Debora.

Na ndoana moja nilishaimaliza kwa nyuzi zake kabla sijatambua. Nimeishika hapa, siwezi kuitupa.

Dada kila mvua ikinyesha anasema, "Afadhali mwanangu ana sweta." Jana kasema tena, akalala.

Sasa hivi inanyesha huku Makandana, na dada anapiga simu. Sijapokea.