Dini Aliyofia Babu Yusufu

Xiaobei, Guangzhou
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na chai yako, na mguu hausumbui kama ulivyosumbua mwezi wa Ramadhani. Dada kanambia kwa simu kwamba dawa umezikataa kwa sababu zinakuletea usingizi. Mama, usingizi si dhambi. Kunywa dawa. Mimi mzima, ila kikohozi cha baridi ya huku bado kinanisindikiza sokoni.

Ninalotaka kukwambia ningeweza kulisema kwa simu, lakini simu zetu hukatika katikati ya maneno, na haya sitaki yakatike. Barua nampa mwenzetu wa Wete anayesafiri kesho. Mwambie Dada akusomee mkiwa wawili tu, na asiwe na haraka zake.

Unakumbuka nilipoanza safari za China uliniita chumbani ukanipa ile picha ya babako, yenye maandishi ya Kichina mgongoni. Ukasema, "Mimi sitaki vyombo wala vitambaa. Nitafutie babangu kafa katika dini gani." Hukusema neno jingine, na mimi sikuuliza, maana jambo lenyewe nimekua nalo. Babu alikuja Pemba kununua majongoo ya pwani, ambayo kwao huliwa, akasilimu, akaitwa Yusufu, akamuoa Bibi, wakakupata wewe peke yako. Akarudi kwao kumuuguza mama yake na wewe bado mdogo. Barua zikaja, kisha zikakoma. Watu wakasema alisilimu kwa ajili ya ndoa tu, na kwao atakuwa kaishayarudia mambo ya wazee wake. Umri wako wote hujamuombea rehema, kwa kuogopa kumuombea mtu usiyejua mwisho wake. Nilikuwa nakuona, Mama. Kila hitma ikisomwa nyumbani, ukifika kwenye jina la Bibi unaishia hapo, la babako hulitaji, na uso unabadilika.

Mimi Kichina changu ni cha bei tu. Nikienda Xintang kununua jinzi nagombana na wenye viwanda mpaka wananipa kiti, lakini nipe karatasi nisome, mimi na kipofu sawa. Aliyenifungulia njia ni Deo, kijana wa Bukoba anayesomea uhandisi hapa. Nilipomuonyesha picha alisoma mgongoni jina la ukoo, jina la Babu na jina la kijiji.

"Kaka Salim," akasema, "hawa watu huandika vitabu vya koo zao. Maktaba kuna chumba kizima. Twende tukaangalie."

Tukaenda Jumanne. Mlangoni wanakuvua begi na kalamu ya wino, unaingia na penseli kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndani kuna wazee wameinamia meza, wengine wametoka Hong Kong na Malesia, wananakili majina ya babu zao, na chupa zao za chai wameziacha nje kwa huzuni. Nilipoingia mimi wote waliinua vichwa. Nikawaamkia, nikakaa.

Vitabu vimepangwa kwa majina ya koo, na ukoo wa Babu umejaza ukuta. Bila jina la kijiji ni sawa na kufika Unguja ukamuulizia Ali. Mama mmoja wa makamo ndiye msimamizi wa chumba. Hata Deo hajamaliza kueleza, akasema, "Meiyou," yaani hakuna. Neno hilo nalijua vizuri, sokoni wanakutupia kabla hujataja saizi. Nikamtolea picha.

Akavaa miwani. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha.

"Huyu nani wako?"

"Babu yangu, mzaa mama."

"Macho," akasema, akaondoka. Aliporudi alikuwa na kitabu kinene amekibeba kwa mikono miwili. Akatwambia kilichapwa upya miaka ya karibuni, wanaukoo walioko nje ndio waliochanga.

Deo akawa anashuka na kidole bila kugusa karatasi, kizazi baada ya kizazi, mpaka akasimama.

"Yupo. 'Alikwenda Afrika, akarudi. Hana mtoto. Mtoto wa mdogo wake amewekwa kuwa mrithi wake.'"

Mama, nilighadhibika. Nilitaka kukifunga kile kitabu niondoke zangu. "Hana mtoto vipi? Na mama yangu katoka wapi?"

Deo akamfasiria yule mama. Akajibu taratibu, wala si kwa ubishi: "Watoto wa kike hawakuwa wakiandikwa. Hata mimi simo katika kitabu cha kwetu."

Deo akaendelea kusoma. Desturi yao, kila mtu aliyemo humo huandikiwa na kaburi lake, liko wapi na linaelekea wapi, maana wanaamini kaburi likielekea vibaya kizazi hakina heri. Alipofika kwa Babu, Deo alikunja uso.

"Hapa sielewi. 'Amezikwa kando na wenzake. Kichwa kaskazini, kwa ubavu wa kulia, uso magharibi, bila sanduku. Ni wasia wake mwenyewe.'"

Yule mama akasoma mwenyewe, akatikisa kichwa. "Wamemuweka vibaya. Kaburi huegemea mlima likatazama maji. Na bila sanduku? Hakuwa na watu?"

"Labda walikuwa na haraka," Deo akasema.

Hakuna aliyekuwa akijua ila mimi. Nikamwambia Deo, "Soma tena." Akasoma tena.

Mama, huko kwetu tunasali tukielekea kaskazini, na maiti wetu tunawaelekeza huko. Huku China kibla ni magharibi. Babako kalazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, bila sanduku, katika kijiji ambacho hapana Mwislamu hata mmoja, na aliyetaka hivyo ni yeye. Nililia, Mama. Mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya wazee wa watu. Yule mama kwanza alikivuta kitabu kisije kikarowa, kisha akanishika bega.

Nyuma ya kitabu mlikuwa na namba za simu za wanaukoo. Tulipotoka nje Deo akapiga, na baada ya kuzungushwa tukampata huyo mrithi, mzee sasa, ambaye kwa hesabu yetu ni mjomba wangu. Deo alikuwa akinifasiria neno kwa neno.

"Alikuwa akiosha mikono na miguu, kisha anainama nyuma ya nyumba," mzee akasema. "Tulidhani ni desturi ya Afrika. Nyama ya nguruwe hakuigusa, hata miaka ya njaa. Aliiomba serikali ruhusa ya kusafiri tena, hakupewa. Akaomba tena na tena, mpaka akachoka."

Nikamwambia Deo amuulize kama aliwahi kumtaja mtoto.

"Binti. Alikuwa akimtaja kwa jina. Sisi jina lenyewe lilitushinda kulitamka."

Nikalitamka mimi, jina lako, polepole. Mzee akasema, "Ndilo."

Hapo nikamuomba anielekeze kaburini, nikasome Yasin. Akasema hakuna tena kaburi. Kilima kimekatwa ipite barabara ya bandari mpya ya Nansha. Wafu wengine walifukuliwa, mifupa ikatiwa kwenye mitungi ikahamishwa. Babu hakuwa na sanduku wala jiwe, walichimba hawakumuona. Ni barabara hiyo hiyo ambayo makontena yangu hupita kila ninaposafirisha mzigo. Nimelifikiria hilo tangu Jumanne, na moyo wangu ni mzito.

Nisalimie Dada, na shemeji yangu mvumilivu, na wanawe wote. Msalimie Bi Mkubwa jirani anayekuchotea maji, na mwalimu wa chuo cha Kurani. Mke wangu mwambie ameandikiwa yake, asiinunie hii.

Mama, sina kaburi la kukuonyesha, na kitabuni kumeandikwa kwamba hakuacha mtoto. Wa kumuombea duniani ni wewe tu. Muite mwalimu na wanafunzi wake Alhamisi, wasome, na majina ya marehemu yakitajwa, anza na la babako. Usiogope tena.

Mungu akuhifadhi mpaka tuonane.

Mimi mwanao,
Salim, mjukuu wa Yusufu